Simu Imekua, Mkono Uko Palepale

Ingia duka lolote la simu Darajani au Mlandege hapa mjini Zanzibar, au vuka bahari uulize Chake Chake na Wete kule Pemba, utafute simu janja ndogo. Muuzaji atakuwekea vitu viwili juu ya kaunta. Cha kwanza ni kitochi, simu ya kubofya, ambayo kwa WhatsApp na picha haikufai kitu. Cha pili ni simu ya kioo cha inchi 6.5 au 6.7, na atakwambia kwa moyo mweupe kwamba hiyo ndiyo ndogo aliyonayo. Baina ya viwili hivyo hakuna kitu. Nilikuwa kwenye kaunta moja hivi karibuni, pembeni yangu mama mtu mzima anachagua simu.

"Mwanangu, nipatie ndogo, ya kukamatika. Hizi kubwa zinanianguka."

"Bi mkubwa, ndogo zimekwisha zamani. Chukua hii, nikuwekee kava la mkanda uivae shingoni."

Akalipa, akatoka na kitu cha gramu karibu 200 kinaning'inia kifuani juu ya buibui. Yule kijana hakumdanganya. Kwa bei aliyokuja nayo yule mama, hakuna kiwanda kinachomletea simu nyingine ya kumpa.

Watu hawakuikinai simu janja ndogo. Iliondoka kwa sababu simu yenyewe imebadilishwa kazi. Mwanzo ilitengenezwa kwa mtu anayetembea, anayebeba, mwenye mkono mmoja tu ulio huru. Leo inatengenezwa kwa mtu aliyekaa kitako anatazama. Na hapa visiwani watu wa aina ile ya kwanza ni wengi mno kusahauliwa.

iPhone ya kwanza, ya mwaka 2007, ilikuwa na kioo cha inchi 3.5, na Apple haikukigusa kipimo hicho mpaka 2012 ilipotoa iPhone 5 ya inchi 4. Simu ya kwanza ya Android kuingia sokoni, HTC Dream ya 2008, ilikuwa inchi 3.2. Mwaka 2010 Steve Jobs alisema hadharani kwamba simu usiyoweza kuizungushia mkono hakuna atakayeinunua. Mwaka uliofuata Samsung ikatoa Galaxy Note ya inchi 5.3, na kalamu yake ubavuni, na wachambuzi wengi wakaifanyia mzaha. Mzaha ule haukudumu, kwa sababu Note iliuzwa kwa mamilioni, na Septemba 2014 Apple wenyewe wakaja na iPhone 6 ya inchi 4.7 pamoja na 6 Plus ya inchi 5.5. Mlango ukawa wazi. Mwaka 2017, kwa simu kama LG G6 na Galaxy S8, kingo za pembeni zikapunguzwa na kioo kikarefushwa kwenda juu. Tungeweza kupata kioo kikubwa ndani ya mwili uleule wa zamani tukabaki hapo. Badala yake mwili nao ukaendelea kukua. iPhone 16 Pro Max ya 2024 ina kioo cha inchi 6.9 na uzito wa gramu 227, zaidi kidogo ya mara mbili ya iPhone 5s iliyokuwa na gramu 112.

Waliojaribu kubaki na udogo walishindwa mmoja mmoja. Sony walikuwa na simu zao za Compact, kuanzia Z1 Compact ya inchi 4.3 mwaka 2014, na mstari huo ukaishia XZ2 Compact ya 2018. Apple walitoa iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, zote inchi 5.4, mwaka 2022 hapakuwa na mini, na Septemba 2023 ile ya mwisho ikaondolewa madukani. Asus walishika bendera na Zenfone ya inchi 5.9 mpaka 2023, kisha mwaka uliofuata wakaja na Zenfone 11 Ultra ya inchi 6.78. Februari 2025 hata iPhone SE, ya inchi 4.7 na kitufe chake cha chini, ikastaafishwa, nafasi yake ikachukuliwa na 16e ya inchi 6.1.

Hizi inchi tunazotajiwa hupimwa kona kwa kona, na kwa mkono hazina maana kubwa. iPhone 12 mini ina kioo cha inchi 5.4 lakini mwili wake ni mdogo kuliko ule wa iPhone SE ya 2020 yenye kioo cha inchi 4.7. Kipimo kinachouhusu mkono ni upana. iPhone 5s ilikuwa na upana wa milimita 58.6. iPhone 12 mini, milimita 64.2. Simu nyingi za bei nafuu zinazojaa madukani kwetu zinakaribia milimita 76 au 77. Zile milimita 12 za ziada ndizo zinazoamua kama kidole gumba kitafika upande wa pili wa kioo au utalazimika kuuita mkono wa pili. Mwaka 2013 mtafiti Steven Hoober aliwaangalia watu 1,333 wakitumia simu zao barabarani, kwenye mabasi, mikahawani, na miongoni mwa waliokuwa wakigusa kioo akakuta asilimia 49 wameishika kwa mkono mmoja. Kwa hiyo kutumia simu kwa mkono mmoja ilikuwa ndiyo namna ya kawaida kuliko zote. Wahandisi wanalijua hili vizuri. iPhone 6 ilipotoka, ilitoka na ufundi wa kugonga kitufe mara mbili ili sehemu ya juu ya kioo ishuke ifikiwe na kidole.

Mpwani, maji yakikupwa, utawakuta kina mama wa mwani wa Paje, Jambiani na Bweleo wameinama ndani ya maji ya magotini, mkono mmoja umeshika kamba, mwingine unafunga mche. Kilimo hiki kimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na wanaokifanya wengi ni wanawake. Simu wanakwenda nayo, maana mtoto anaweza kupiga kutoka nyumbani na mnunuzi anaweza kupiga kutoka mjini. Wanaifunga ndani ya mfuko wa nailoni, halafu pindo la kanga, halafu kiunoni. Simu ya inchi 4 ilikaa pale kama hirizi. Simu ya leo haikai; inachongoka, inavuta kanga chini, na mama akiinama kufunga kamba ya mwisho inamkita kwenye mbavu. Wengi wameamua kuiacha juu pwani kwenye kikapu, na huko ama inachukuliwa ama inapigwa na jua mpaka inazima. Wengine wanarudi na kitochi baharini na kuiacha simu janja nyumbani, yaani wanalazimika kuwa na simu mbili ili wapate huduma ya moja.

Pemba msimu wa karafuu ni hivyohivyo. Mchumaji yuko juu ya mkarafuu, mguu mmoja kwenye tawi, mkono mmoja unavuta kitawi kwa ngoeko, mwingine unachuma. Mfuko wa shati ndio mfuko pekee alionao. Kitu cha urefu wa sentimita 16 na nusu kinatokeza nusu nje ya mfuko ule, na kutoka juu ya mkarafuu mpaka chini ni mbali. Kondakta wa daladala ya Bububu anayening'inia mlangoni na noti katikati ya vidole, mvuvi kwenye ngalawa ameshika usukani, muuza urojo, fundi wa rangi juu ya ngazi, dereva wa bodaboda: hawa wote mkono wao mmoja una mwenyewe muda wote wa kazi.

Na Ijumaa msikitini ndipo mfuko wa kanzu unapoonesha ulivyoonewa. Mfuko wa kifuani ulishonwa kwa ajili ya kalamu, vikaratasi viwili vitatu, labda miwani. Watu wakirukuu unasikia simu zinagonga sakafu safu hii na safu ile, na aliye pembeni yako anamaliza sala moyo uko kwenye kioo chake. Mafundi cherehani wa mjini wameshaanza kuukata mfuko mrefu zaidi. Tumefika pahala vazi linabadilishwa ili liifuate simu.

Wanawake wameumia zaidi, na silisemi hili kwa heshima tu. Mkono wa mwanamke kwa wastani ni mdogo kuliko wa mwanamume, na buibui halina mfuko wa maana, kwa hiyo simu hukaa ndani ya pochi. Simu iliyo ndani ya pochi huisikii ikilia. Ukitaka kuijibu njiani lazima usimame, ufungue, uitoe kwa mikono miwili, na mtu mwenye mtoto ubavuni na mfuko wa sokoni mkononi hana mikono miwili. Inaonekana ni usumbufu mdogo tu ukiutazama mara moja. Lakini unarudiwa kila siku, kwa mamilioni ya watu, kwa sababu ya kipimo kilichochaguliwa na watu wengine kwa mahitaji mengine.

Sasa, kwa nini kilichaguliwa?

Sababu inayotajwa kwanza ni betri, na ni ya kweli. Simu ikipungua ukubwa, kioo kinakula umeme kidogo zaidi, lakini chipu na redio ya mtandao vinakula kilekile. Betri inapungua haraka kuliko matumizi yanavyopungua. Betri ya iPhone 12 mini ilikuwa ya mAh 2,227 (mAh ni kipimo cha umeme unaoenea ndani ya betri), wakati iPhone 12 ya kawaida ilikuwa na 2,815, na waliokuwa na mini walilalamika kwamba chaji haifiki jioni. Simu za Tecno, Infinix na itel, ambazo zote ni za kampuni moja ya Transsion ya Shenzhen, zimeteka soko letu kwa mambo mawili: bei na betri ya mAh 5,000. Mzanzibari akiuliza betri kwanza simlaumu hata kidogo. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima bila umeme waya wa baharini ulipoharibika upande wa bara, na kutoka Disemba 2009 mpaka Machi 2010 ikakaa gizani karibu miezi mitatu. Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta mpaka waya kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010. Watu waliokulia hali hiyo wanajua thamani ya simu inayolala na chaji na kuamka nayo.

Lakini betri haikuwa kikwazo kisichovukika. Sony Z3 Compact ya 2014, yenye kioo cha inchi 4.6 na betri ya mAh 2,600, ilisifika kwa kukaa siku mbili. Zenfone 9 na 10 zilikuwa na betri ya mAh 4,300 ndani ya mwili wa upana wa milimita 68, kwa sababu Asus walikubali simu iwe nene kidogo, milimita 9 na ushei. Unene haumsumbui anayefunga simu kwenye kanga. Haumsumbui hata kidogo! Ni wauzaji waliotufundisha kwamba simu nzuri ni nyembamba, na mwaka 2025 ndiyo tumeona matunda yake: iPhone Air ya unene wa milimita 5.6 na kioo cha inchi 6.5. Imepunguzwa pale ambapo mkono haukulalamika, ikaachwa pana pale ambapo unalalamika.

Sababu ya pili ni ya viwandani, nayo ndiyo inayowabana wanunuzi wa kipato kama chetu. Udogo ni ghali. Kukibana kila kitu ndani ya mwili mdogo kunataka bodi iliyopangwa kwa ustadi, vipuri vidogo, hesabu za joto na hesabu za antena. Simu kubwa ina nafasi tele, unaweza kuijaza vipuri vya bei rahisi. Vioo navyo hukatwa kutoka bamba kubwa kwa vipimo ambavyo wengi wanaviagiza, na vipimo hivyo sasa ni vya inchi 6.5 kwenda juu. Kampuni inayotaka kioo cha inchi 5 cha simu ya bei ya chini italazimika kulipia kiwanda kifanye kazi ya peke yake. Ndiyo maana simu ndogo kama 12 mini na 13 mini zilitoka kwa dola 699, na simu kubwa unaipata kwa sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Maskini amepewa kubwa kwa sababu kubwa ndiyo rahisi kuitengeneza, halafu akaambiwa amependelewa.

Na kwenye kaunta anaambiwa hivyo kwa namba. Kioo inchi ngapi, betri ngapi, GB ngapi, kamera megapikseli ngapi. Namba kubwa inashinda. Hakuna namba ya "inakaa mkononi". Tena namba hizo zinaficha jambo: simu nyingi za bei nafuu zenye kioo cha inchi 6.6 zina nukta (pikseli) 720 kwa 1,600 tu, ambazo ni kama nukta 266 kwa kila inchi. iPhone 13 mini ya inchi 5.4 ina nukta 1,080 kwa 2,340, yaani 476 kwa inchi. Kioo kile kikubwa kina nukta chache kuliko kile kidogo. Kinakuza maandishi, lakini kilichomo ndani ya ukurasa ni kilekile au pungufu.

Kukuza maandishi nako kuna faida yake, na hapa lazima niwatendee haki wanaopenda simu kubwa. Kwa nyumba nyingi za visiwani simu ndiyo kompyuta, ndiyo televisheni, ndiyo maktaba. Mwanafunzi wa skuli anasoma nukuu za mwalimu zilizopigwa picha. Mzee anasoma msahafu kwa herufi kubwa bila kutafuta miwani. Mama anamuona mwanawe aliye Muscat au London, na uso ukiwa mkubwa moyo unatulia zaidi. Mambo haya ni mazito na simu ya inchi 4 haiyawezi vizuri. Sitaki mtu yeyote anyang'anywe kioo chake kikubwa. Ninachokilalamikia ni kwamba hicho ndicho kilichobaki peke yake, na kwamba mtu mwenye mahitaji mengine analazimishwa kununua televisheni ili apate kupiga simu akiwa kazini.

Watengenezaji wana jibu lao, na jibu lao ni iPhone 12 mini. Wanasema tuliwapa simu ndogo nzuri, wakaikataa. Takwimu za Counterpoint, kampuni ya utafiti wa soko, zilionesha kwamba katika nusu ya kwanza ya Januari 2021, 12 mini ilikuwa asilimia 5 tu ya iPhone zilizouzwa Marekani, na namba hiyo imekuwa ikirudiwa kama hukumu. Tuiangalie hukumu hiyo. Simu ile ilitoka Novemba 2020, katikati ya korona, watu wamejifungia majumbani, hawatembei, hawabebi, wanatazama. Iliuzwa dola 699, wakati iPhone SE ya mwaka uleule, nayo ndogo, ilikuwa dola 399, kwa hiyo wapenda udogo wengi walikuwa wameshanunua miezi saba kabla. Na wapiga kura walikuwa Wamarekani, wengi wao wakisafiri kwa gari lao wenyewe, simu imebanwa mbele ya usukani. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mtu wa Kengeja au wa Nungwi. Sisi hatukuwahi kupewa simu janja ndogo, nzuri, ya bei yetu, tukaikataa. Hiyo simu haikuletwa, basi tungeikataaje?

Hata huko kwao kura haikuwa ya upande mmoja kama wanavyosema. Mwaka 2022 Eric Migicovsky, aliyeanzisha saa za Pebble, alifungua orodha ya wanaotaka simu ndogo ya Android, na makumi ya maelfu ya watu wakajiandikisha. Kwa kampuni kubwa hao ni wachache. Zimezoea kuhesabu kwa mamia ya milioni, na ukihesabu hivyo watu milioni moja wanaonekana hawapo.

Ninaamini kuna jambo jingine chini ya yote haya, ingawa kampuni hazitalisema. Fedha ya simu siku hizi haiishii dukani. Inaendelea kuingia kila unapotazama video fupi, tangazo baada ya tangazo, na bando linavyoungua. Kioo kikubwa kinakukalisha zaidi. Simu ndogo unaitoa, unajibu, unairudisha mfukoni, unaendelea na kazi yako. Kwa mtumiaji hiyo ni sifa. Kwa anayeuza matangazo ni hasara.

Pengo hili wapo waliojaribu kuliziba, na kisa chao kinauma. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania walileta Smart Kitochi: simu ya kubofya, ndogo, rahisi, yenye mfumo wa KaiOS, intaneti ndani, na WhatsApp. Yule mama wa mwani angeweza kuwa na simu moja inayoingia kwenye pindo la kanga, inayokaa na chaji, na ambayo kikundi chake kikituma ujumbe wa bei anaupata. Lakini simu kama hiyo iliishi kwa hisani ya Meta, wenye WhatsApp. Mwaka 2024 wakazuia kuipakua upya kwenye KaiOS, na mapema 2025 huduma ikafungwa kabisa. Kifaa hakijaharibika, betri nzima, vitufe vizima. Kilichoondoka ni ruhusa ya kuingia pale ambapo kila mtu yupo. Na visiwani kila mtu yupo pale. Tangazo la msiba liko WhatsApp, mchango wa harusi uko WhatsApp, kikao cha wazazi wa skuli kiko WhatsApp.

Kitochi cha kawaida kinaendelea kuishi kwa sababu moja kubwa: menyu za nyota na reli. Maadamu ukibonyeza *150*00# unaweza kutuma fedha, simu ya kubofya ina kazi. Siku mitandao itakapoona menyu hizo ni mzigo na kumtaka kila mteja apakue programu, mamia kwa maelfu ya watu watasukumwa kwenye vioo vya inchi 6.7 bila kuulizwa. Nawasihi wanaosimamia mawasiliano na wanaopanga huduma za serikali mtandaoni hapa Zanzibar wasiliruhusu jambo hilo. Fomu ya serikali ifunguke kwenye kioo kidogo. Huduma ya fedha ibaki na njia yake ya namba.

Wengine wananiambia simu za kukunja ndizo jawabu: Galaxy Z Flip tangu Februari 2020, ukiikunja inaingia popote. Kwa mtu wa ofisini, sawa. Kwa mwambao wetu hapana. Z Flip6 ya 2024 ina kinga ya daraja la IP48, na ile 4 maana yake inazuia vitu vyenye ukubwa wa zaidi ya milimita moja. Mchanga wa Paje ni laini kama unga. Utaingia kwenye bawaba siku ya kwanza, na bei ya kuitengeneza ni bei ya simu mbili tatu za kawaida.

Habari njema ipo, nayo imetoka China. Betri za aina mpya, zinazochanganya silikoni na kaboni, zinabeba umeme mwingi zaidi ndani ya nafasi ileile. Oktoba 2024 vivo walitoa X200 Pro mini ya inchi 6.31 yenye betri ya mAh 5,700, na mwaka 2025 OnePlus wakaja na 13T ya inchi 6.32 na mAh 6,260. Sikubali kuziita ndogo, upana wake bado uko juu ya milimita 71. Lakini zimeivunja hoja ya betri. Kama mAh 6,260 zinaenea kwenye simu ya milimita 71.7, basi mAh 4,500 zitaenea kwenye simu ya milimita 66, hasa ukiiruhusu inenepe.

Kwa anayetaka simu ndogo leo hii, bila kusubiri, kuna 12 mini na 13 mini zilizotumika zinazoingia kutoka Dubai. Bado zinapokea programu mpya za Apple. Toleo la iOS 26 la mwaka 2025 limezifikia zote mbili. Usinunue kabla fundi hajakufungulia sehemu ya afya ya betri, na hesabu kabisa bei ya kubadilisha betri ndani ya bei ya simu. Kioo chake mafundi wengi hawana dukani, kinaagizwa, basi kava liwe la maana.

Lakini simu ya mtumba ya Apple si jawabu la mama wa Jambiani, na wanaoweza kulitoa jawabu lake tunawajua. Transsion walipata soko la Afrika kwa kusikiliza: walitengeneza kamera inayoitoa vizuri ngozi nyeusi, wakaweka laini mbili wakati wengine wanaweka moja, wakaweka betri ya kukaa. Ninachowaomba ni kidogo kuliko hayo. Upana wa milimita 66, unene hata wa milimita 11, kioo cha inchi 5.4 chenye nukta 720, betri ya mAh 4,500, laini mbili, tundu la kamba pembeni, na kinga ya maji ya chumvi inayoaminika. Kamera moja inatosha. Kampuni ya simu iliyoweza kuagiza Smart Kitochi mwaka 2019 inaweza kuagiza shehena ya hii, na soko la mwanzo halihitaji tangazo la barabarani: liko kwenye vikundi vya mwani vya kusini na mashariki ya Unguja, kwenye vituo vya karafuu vya Pemba msimu ukifunguliwa, na kwenye madiko ya Malindi na Mkokotoni asubuhi vyombo vinaporudi.